Leseni za Mapacha wa Makongeni

Mimi na Mulongo tulizaliwa siku moja na tukapata leseni siku moja, lakini tulifundishwa kuendesha gari kama watoto wa nyumba mbili zisizosalimiana. Mimi ndiye niliyetangulia kutoka tumboni. Kwetu Bungoma pacha wa kwanza huitwa Mukhwana na anayemfuata Mulongo. Yeye alibaki na jina hilo la nyumbani, na mimi Nairobi ikanizoea kwa jina la ubatizo, Triza.

Baba yetu, Mulama, alikuwa dereva wa lori katika shirika la reli, ndiyo maana tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi. Mama yetu, Asenath, alinunua vitanda na makabati kwa maseremala wa soko la Gikomba akawapelekea wateja mitaani. Kwa miaka mingi mzigo wake ulibebwa na mikokoteni. Mwanzoni mwa 1997 akanunua pikapu, Peugeot 404 kuukuu ya rangi ya maziwa, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Mama hakujua kuendesha, Baba alikuwa kazini mchana kutwa, na sisi tulikuwa tumemaliza Kidato cha Nne, tumetimiza miaka kumi na minane, tunakaa tu. Ikaamuliwa twende shule ya udereva.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, kando ya Jogoo Road. Mwalimu na mwenye shule alikuwa mtu mmoja, Naftaly, mwanamume mrefu mwenye miwani myeusi, aliyedai kwamba ujanani alikuwa akishindana mbio za magari. Katikati ya chumba palikuwa na meza kubwa iliyochorwa mji: barabara, taa, raundabauti, kivuko cha reli. Juu ya mji huo tulisukuma vigari vya plastiki kwa vidole. Ukisukuma kigari chako kushoto bila kugonga cha mwenzako, umefaulu. Gari la kweli tuliliendesha mara chache, Naftaly akiwa na breki yake upande wa pili, tukizunguka mitaa mitulivu asubuhi watu wakishaenda kazini. Siku ya mtihani tukasukuma vigari tena, tukaendesha kidogo, tukapewa leseni.

Nilifurahi, sikatai. Lakini hata siku ile nilijua kuwa kigari cha plastiki hakinyeshewi mvua, na hakuna mtoto anayekatiza mbele yake akifukuza mpira.

Jioni hiyo Baba aliweka ufunguo wa pikapu mezani, akausukuma kwa Mulongo.

"Wewe ni mwanamume. Kuanzia kesho utamsaidia mama yako kupeleka mizigo."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe hutaigusa pikapu bila mimi kukaa kando yako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema."

"Baba, tumefanya mtihani mmoja. Mtahini ni mmoja. Mimi nimepata—"

"Triza. Barabara si jikoni. Usibishane na mimi."

Mama alijaribu. "Baba Triza, watoto ni wamoja," alisema. Baba akafungua redio ili asikie habari, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi nikaanza kifungo changu. Baba alipotoka kazini jioni, na siku za mapumziko yake, nilishika usukani naye akakaa kushoto, mikono imekunjwa kifuani. Hakuruhusu redio wala rafiki. Marion, shoga yangu wa nyumba ya tatu, aliwahi kuomba tumpeleke mjini, Baba akamjibu kuwa hiyo haikuwa teksi. Alinipitisha kila mahali nilipopachukia: Gikomba siku ya kufunguliwa marobota ya mitumba, wenye mikokoteni wakishuka mteremko wakipiga miluzi, Jogoo Road saa ya watu kurudi nyumbani, Industrial Area malori yakitoka kinyumenyume kwenye mageti ya viwanda. Mvua ikinyesha ndipo aliponiita. "Njoo. Leo ndiyo siku ya kujifunza."

Hakuwa na maneno matamu.

"Unaangalia nini?"

"Gari la mbele."

"Gari la mbele lina dereva wake. Wewe angalia chini ya hilo basi lililosimama. Umeona miguu? Hiyo miguu ina mwenyewe, na mwenyewe atatokea sasa hivi."

Na kweli, mama mwenye kikapu akatokea mbele ya basi bila kuangalia kulia wala kushoto. Breki yangu ilikuwa tayari imekanyagwa.

"Yule wa mkokoteni amekuona?"

"Nimempigia honi, Baba."

"Sikuuliza kama umempigia honi. Nimeuliza kama amekuona."

Miezi ikapita hivyo. Sikusifiwa hata mara moja. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa kona walipiga makofi tulipopita, wakaimba, "Mtoto wa chekechea!" Mulongo mwenyewe, aliyemwita Baba buda kama vijana wa mtaa, alinicheka, ingawa kwa upendo. "Siz, buda anakukalia kama askari jela. Noma!" Nami nilimeza hasira yangu. Usiku nilimwambia Mama kuwa nikizaa binti sitamfanyia hivi. Mama akanifunika blanketi akasema nilale.

Mulongo, upande wake, alikuwa na ufunguo mfukoni tangu siku ya kwanza. Niseme haki: mwanzoni aliendesha kwa uangalifu. Barabara ya matope aliiogopa. Mvua ikianza alirudi nyumbani na kitanda cha mteja kikiwa bado nyuma, akasema atapeleka kesho. Laiti angeachiwa hofu yake hiyo imlee.

Lakini Naftaly alikuwa ameanzisha kozi mpya ya Jumamosi. Aliiita kozi ya daraja la juu. Vijana waliiita kozi ya kuteleza. Huko Embakasi, kwenye uwanja mtupu wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, alimwaga mapipa ya maji yaliyochanganywa na sabuni, akawafundisha vijana waliopata leseni juzi namna ya kuingiza gari kwenye maji kwa kasi, kuvuta breki ya mkono, kuzungusha usukani, na kulisimamisha gari likiangalia lilikotoka bila kupinduka. Baba alipoisikia alifurahi mno. Kama kuna mafunzo zaidi, alisema, mwanawe atayapata.

"Nipeleke na mimi," nikamwambia. Kusema kweli nilitaka tu kutendewa sawa.

"Ya nini? Wewe hutaenda kasi."

"Na Mulongo ataenda?"

Akaongeza sauti ya redio.

Niliruhusiwa kwenda kutazama. Watu walikuwa wengi kama kwenye mechi. Mulongo aliingia majini, pikapu ya Mama ikazunguka kama pia ya mtoto, matope yakaruka, na alipoitoa imenyooka vijana wakamshangilia kwa jina. Naftaly akamshika mkono, akauinua juu.

"Huyu sasa," akatangaza, "hakuna barabara itakayomwangusha!"

Alipewa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Baba akakitundika juu ya redio.

Tangu hapo ndugu yangu alibadilika mbele ya macho yangu. Mvua ambayo zamani ilimrudisha nyumbani sasa ilimtoa nje. Kona aliyokuwa akiipunguzia mwendo aliiingia akicheka. Kozi ilikuwa imemwondolea hofu, na mikono yake ilibaki ile ile ya kijana aliyejua kuendesha kwa miezi michache. Nilimwambia Baba. Nilimwambia kwa heshima, mkono nyuma, kama nilivyolelewa.

"Baba, Mulongo anakimbia sana. Tafadhali kaa naye hata wiki moja, kama unavyokaa nami."

Baba akacheka. "Una wivu. Huyo amefundishwa na mtaalamu. Nikikaa naye nitamwaibisha mbele ya wenzake."

Yaani aibu yangu mbele ya vijana wa kona ilikuwa haki yangu, na ya Mulongo ilikuwa kitu cha kukingwa.

Mwezi wa Novemba ulipofika, mvua ya El Nino ilikuwa imeifanya Nairobi kuwa bwawa. Madaraja yalikatika njiani kwenda Mombasa, mizigo ya reli ikasimama, lori la Baba likabaki gereji, naye akabaki nyumbani. Asubuhi moja Mama alimtuma Mulongo kupeleka kitanda Embakasi. Njiani akawapakia wenzake watatu: Ryan, kijana wa jirani, akakaa mbele, wawili wakapanda nyuma wakakalia kitanda. Yaliyofuata niliyasikia kwa kinywa cha Mulongo mwenyewe, naye hakuyapamba.

Walikuwa Lunga Lunga Road, wakati ambapo watu wa mtaa wa Mukuru kwa Njenga wanatembea kwenda viwandani. Njia ya miguu ilikuwa imejaa maji, kwa hiyo wafanyakazi walitembea ukingoni mwa lami, mstari mrefu wa watu waliojifunika karatasi za nailoni. Mbele palikuwa na dimbwi pana. Ryan akasema, "Wacha tuone hiyo kozi yako, msee." Waliokaa nyuma wakagonga paa la pikapu. Mulongo akakanyaga mafuta, akaingia majini, akavuta breki ya mkono.

Pikapu haikupinduka. Ilizunguka vizuri kabisa, ikasimama ikiangalia ilikotoka, jinsi Naftaly alivyofundisha. Lakini uwanja wa Embakasi haukuwa na watu wanaokwenda kazini. Sehemu ya nyuma ya pikapu, ikizunguka, ilimfagia mwanamume aliyeitwa Mutisya, kibarua wa kiwanda cha mabati, ikambana kwenye mlingoti wa taa.

Vijana wote wanne walikimbia.

Mulongo alifika nyumbani amelowa, kiatu kimoja mguuni. Tulikuwa mezani, mimi, Baba na Mama, tunakunywa chai. Alitusimulia yote akiwa bado amesimama. Mama alimvua shati, akamfunga leso mabegani. Baba alisimama, akafunga mlango, akauliza swali lake la kwanza.

"Nani amekuona?"

"Watu, Baba. Lakini kulikuwa na mvua. Sijui kama waliona nani alikuwa kwenye usukani."

Baba akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akarudi. Nambari za pikapu zitawaleta polisi hapa, alisema. Mwezi wa Januari Mulongo alikuwa na nafasi ya kuingia mafunzoni reli, nafasi ambayo Baba alikuwa ameitafuta kwa kuwasihi wakubwa mwaka mzima. Kesi ingeifuta. Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa laini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia nikiwa kwenye usukani.

"Triza, mwanangu. Wewe una leseni. Ukisema ni wewe uliyekuwa unaendesha, hakimu atakuhurumia. Wewe ni msichana. Na kila mtu ataamini."

Sikumwelewa mara moja. Nilipoelewa, kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu, nikakiweka chini polepole kwa sababu niliogopa ningekitupa.

"Kila mtu ataamini nini, Baba?"

"Unajua ninachosema."

"Nataka nisikie ukisema. Kwamba msichana hajui kuendesha? Umekaa kando yangu tangu mwezi wa tatu. Umenipitisha Gikomba kwenye matope. Nimewahi kumgusa mtu? Nimewahi kugonga hata ndoo?"

"Hujawahi."

"Basi wewe ndiye mtu mmoja Nairobi nzima anayejua kwamba mimi nisingefanya hivi. Na ni wewe unayeniomba niseme nimefanya!"

"Punguza sauti. Ni ndugu yako."

"Huyo mtu yuko hai?" nikauliza.

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Nilimtazama Mulongo, naye akatazama mguu wake usio na kiatu.

"Sijui," akasema. "Alikuwa analia. Halafu sisi tukakimbia."

Nilichukua sweta yangu kwenye kiti. "Mimi naenda kituoni," nikasema. "Sitasema uongo, wala sitangoja waje. Nitataja jina la aliyekuwa akiendesha."

Baba akasimama mlangoni, mikono imekunjwa kifuani, vile vile alivyozoea kukaa kwenye pikapu. Sijui ningefanya nini. Mama ndiye aliyesimama. Alikwenda chumbani akarudi na viatu vya kanisani vya Mulongo, akaviweka miguuni pake.

"Vaa," akamwambia. "Baba Triza, toka mlangoni."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimemsikia Mama akimwamuru Baba. Mulongo alivaa viatu, akafunga kamba kwa shida. "Siz, keti," akaniambia. "Nitaenda mwenyewe. Ni mimi." Aliondoka na Mama chini ya mwavuli mmoja. Baadaye kidogo nikamwona Baba akiwafuata mvuani, kwa mbali, bila kofia.

Mutisya alikuwa hai. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamesimamisha gari la mkate likampeleka hospitali kubwa ya serikali. Madaktari walimkata mguu wa kulia chini ya goti. Nilikwenda kumwona na Mama kesho yake, tukiwa na uji kwenye chupa ya chai. Yeye alikuwa amelala kwa dawa. Kando ya kitanda alikaa mkewe, Mama Matheka, mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, mtoto mgongoni. Mama alipomweleza sisi ni nani, hakutufukuza. Aliupokea uji, akauweka chini ya kitanda. Kisha akasema neno moja, akalirudia mara mbili.

"Alikuwa pembeni. Mwambieni huyo kijana, alikuwa pembeni kabisa."

Nilimfikishia Mulongo maneno hayo alipoachiliwa.

Jumapili hiyo wazee wa kanisa walikuja nyumbani kwetu. Polisi walikuwa wamemwachilia Mulongo kwa dhamana. Wazee waliimba, wakamwekea mikono kichwani, wakashukuru kwamba ametoka bila hata mkwaruzo. Mzee mmoja, mtu mwema, aliyetubatiza sote wawili, akahubiri kidogo. "Ajali haina kinga," akasema. "Ni mapito. Tumshukuru Mungu kwa kumkinga kijana wetu."

Nilikuwa nimeshika trei ya vikombe. Niliiweka juu ya redio, chini ya kile cheti cha dhahabu.

"Ina kinga, mzee," nikasema. "Mimi nilipewa. Nilikaliwa kando mpaka nikajua kuogopa. Huyu alipewa ufunguo, akapewa cheti, akafundishwa kwamba barabara haiwezi kumwangusha. Mtu amekatwa mguu, na hapa hatujalitaja jina lake hata katika sala moja. Anaitwa Mutisya. Mungu alikuwa wapi kumkinga yeye? Au alikuwa nasi tu, hapa Makongeni?"

"Triza!" Baba akasema.

"Mwache," Mulongo akasema kutoka sakafuni alipopiga magoti. "Amesema ukweli."

Mzee yule akaomba tusali tena, na safari hii akamtaja Mutisya. Lakini wengine walinikasirikia. Kwa wiki kadhaa kanisani wanawake waliniamkia kwa ncha za vidole.

Mahakamani Mulongo alikiri makosa. Hakimu, mama wa makamo, alimwuliza kwa nini alikimbia. "Niliogopa," akajibu. "Hiyo ndiyo hofu uliyopaswa kuanza nayo kabla ya kuingia kwenye maji," hakimu akasema. Alimtoza faini na kumnyang'anya leseni kwa miaka mitatu. Nafasi ya reli ikapotea. Bima ya pikapu ikajificha nyuma ya mawakili, na Mutisya, ambaye alikuwa kibarua wa siku kwa siku, hakuwa na kiwanda ambacho angekidai chochote. Mama akawa anampelekea Mama Matheka vitu vya jikoni kila alipopita Mukuru, na maseremala wa Gikomba wakamtengenezea Mutisya magongo. Hayo yote ni kweli na hayatoshi.

Pikapu ilipotoka gereji mimi ndiye niliyekuwa dereva wa Mama. Hakuna aliyetangaza. Siku moja tu Baba aliupitisha ufunguo mezani, akausukuma kwangu, akainuka. Kesho yake, nikitoka kumpeleka mteja kabati la vyombo, nilimkuta Baba kwenye kituo cha matatu akingoja gari, nikampakia. Alikaa kushoto. Mikono aliiweka magotini. Tulipofika Likoni Road nikasimamisha pikapu ukingoni, nikazima injini.

"Baba, nataka kukuuliza jambo moja. Umeendesha malori miaka ishirini. Ulijua kufundisha. Kwa nini hukukaa na Mulongo?"

Wafanyabiashara wa mahindi ya kuchoma walipita, akawatazama kama aliyetaka kununua.

"Wewe nilikuogopea," akasema mwishoni. "Yeye nilimwonea fahari."

"Ungemwogopea na yeye."

"Ndiyo."

"Na ungenionea fahari na mimi."

Macho ya Baba yalikuwa mekundu, na mimi sikutaka kuyaona. Nilitaka kubaki na hasira yangu, kwa sababu niliihitaji. Nikawasha injini. Sikumwomba msamaha kwa swali langu, naye hakuniomba kwa ombi lake la siku ile. Tulifika nyumbani.

Baada ya Krismasi Marion alinijia mbio. Alikuwa amepita juu ya duka la viatu akaona kibao kipya dirishani. Naftaly alikuwa ameandika kwamba mwanafunzi wake wa Makongeni aliponea ajali mbaya ya El Nino kwa sababu ya kozi ya daraja la juu. Nafasi za Jumamosi zilikuwa zikijaa.

Nilitaka kwenda peke yangu. Mulongo akachukua koti lake. "Ni mimi huyo ameandika," akasema. "Twende."

Tulimkuta uwanjani Embakasi. Vijana walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, wengine na wazazi wao. Alipotuona alifungua mikono.

"Bingwa wangu! Waambie wenzako. Bila kozi ungekuwa wapi leo?"

"Mwalimu," nikasema, "toa kile kibao."

"Kwa nini? Nimesema uongo? Gari lilipinduka? Alikufa?" Akawageukia wazazi. "Mimi nafundisha kutoka kwenye hatari. Kijana akifanya ujinga, hayo ni malezi ya nyumbani."

"Unamfundisha mtu kutoka shimoni kabla hajajua shimo liko wapi," nikamwambia. "Halafu anakwenda kulitafuta. Huyu alikuwa akiogopa mvua. Wewe uliiondoa hofu yake ukamwinua mkono. Mguu wa Mutisya umeuandika wapi kwenye kibao chako?"

"Binti, nani amekualika hapa?"

Mulongo akasogea mbele. Hakuwa msemaji, aliongea akitazama matope. Aliwaambia vijana kwamba alifanya kila kitu alichofundishwa, na alikifanya sawasawa, na gari lilizunguka kama hapa. "Lakini hapa hakuna watu," akasema. "Huko kuna watu. Mimi sikuwaona kwa sababu nilikuwa natafuta maji." Akamtaja Mutisya kwa jina, akataja mlingoti wa taa, akasema alikimbia. Alipofika hapo akarudi nyuma kusimama nami.

Vijana wawili watatu walicheka. Mmoja akapiga mluzi. Lakini baba mmoja mnene, aliyevaa ovaroli ya karakana, alimshika mwanawe mkono, akamwuliza Mulongo, "Wewe ulikuwa na leseni kwa muda gani?" Mulongo alipomjibu, yule baba akatikisa kichwa. "Twende nyumbani," akamwambia mwanawe. "Kesho asubuhi utaendesha nikiwa kando yako." Kijana akalalamika kuwa wenzake wataona. "Waone," baba yake akasema, wakaondoka. Mama mmoja akawafuata na wanawe wawili.

Wengine walibaki. Walikuwa wengi. Naftaly aliwaita wapange mstari, akaagiza pipa lisukumwe katikati ya uwanja, maji yakamwagika kwenye murram na povu la sabuni likaenea hadi karibu na viatu vyetu. Nikasimama pale mpaka gari la kwanza lilipowashwa. Mulongo akanivuta mkono, tukatembea hadi kwenye pikapu, naye akakaa upande wa kushoto bila kuambiwa.